Aliyeachwa Kisiwani

Mama mdogo aliniuliza swali moja, na sikuwa na jibu la kumpa. Ilikuwa Butiama, uani kwake, saa kumi jioni. Yeye alikuwa anapepeta mtama, mimi nimekaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo: "Mwanangu alikukosea nini?"

Angeniuliza kwa ukali ningepata pa kujishika. Aliuliza kwa upole, kisha akaendelea kurusha ungo, makapi yakipeperukia upande wa migomba, akanipa muda.

Ukweli ni kwamba hakuwa amenikosea kitu. Nilimwacha chini kwenye gemu la simu, anaita "kaka, nipo hapa," huku watu wanasikiliza na kucheka. Nilijaribu kuyapanga maneno hayo kichwani ili nimwambie mama yake, yakakataa kupangika. Nikasema, "Hajanikosea, mama." Akaitikia, "Haya." Ungo ukaendelea.

Nayaandika haya kwa vijana watakaoshika simu jioni ya leo pale Nyasho, Bweri, Bunda stendi na kwingineko, ambao wameshakuwa wazuri kwenye gemu lao na wameanza kuchoshwa na wasiojua. Nilikuwa mmoja wenu. Nilikuwa mbaya kuliko wengi wenu.

Tulikuwa wanne. Kijiwe chetu kilikuwa kibanda changu cha kuchaji simu na kufanya miamala pale Nyasho, Musoma, chenye benchi moja refu nje na waya wa kuchajia uliochomoza dirishani. Gemu letu lilikuwa Free Fire, la kampuni ya Garena ya Singapore, lililotoka mwaka 2017. Lilienea haraka kwetu kwa sababu halikuchagua simu; lilifunguka hata kwenye vile visimu ambavyo magemu mengine yaligoma kabisa. Kwa asiyelijua: wachezaji 50 wanarushwa kisiwani kwa parachuti, mikono mitupu. Kila mmoja anaokota silaha anapoikuta. Eneo la usalama linazidi kubana, na baada ya dakika kama 10 anabaki mmoja, au kikosi kimoja cha watu wanne. Ukiwa ndani ya kikosi ukapigwa, hufi papo hapo. Unaanguka, unatambaa, uhai unapungua kidogo kidogo kwenye mstari mdogo ulioko juu ya kichwa chako, na mwenzako akikuwahi anakuinua. Shikeni hapo kwenye kuinuliwa, maana ndipo nilipoharibu.

Kufikia mwaka 2021 tulikuwa tumepanda mpaka Heroiki, daraja lililo juu ya Daimondi, na kila msimu ulipoisha na madaraja kushushwa hatukukawia kurudi juu. Sitaki kusema ujuzi ule ulikuwa bure. Tuliujenga kwa mabando ya usiku, kwa kuijua kila nyumba na kila kilima cha kile kisiwa, kwa kusikiliza risasi tu na kujua zinatoka upande gani. Na nadhani watu wengi hukosea hapa wanapozungumzia dharau ya wachezaji wazoefu: huidhania ni tabia ya watu wasio na kazi. Yetu ilitoka kwenye juhudi. Mtu aliyetoa jasho kupata kitu humwona anayekiomba bure kama mwizi.

Ndipo akaja mdogo wangu. Ni mtoto wa mama mdogo, na kwetu huyo ni mdogo wako, hatuna neno la kumsogeza mbali zaidi ya hapo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne Butiama, akaja kujifunza ufundi simu kwa fundi mmoja katikati ya mji. Mama mdogo alinipigia siku aliyompandisha gari. Hakusema mengi. "Huyo ni mdogo wako. Hajui mji."

Njia ile, kutoka Butiama kushuka Makutano hadi Musoma, ina historia ambayo kila mtoto wa Mara anaijua. Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 aitwaye Kambarage aliondoka kwa baba yake, Chifu Nyerere Burito, akaja kuanza shule ya bweni ya Mwisenge, na lugha aliyokulia ni Kizanaki. Nimekuwa nikijiuliza siku yake ya kwanza bwenini ilikuwaje. Maana kila aliyesoma bweni nchi hii anajua neno njuka. Njuka ni mgeni wa kidato cha kwanza, anayetwishwa kila kazi: anachota maji ya watu sita, anafua mashati ya watu, anaamshwa usiku aimbe juu ya tranka. Mimi nilikuwa njuka. Nililia chooni wiki nzima, nikaapa kwamba nikifika juu sitamfanyia mtu hivyo. Nilipofika kidato cha tatu nilikuwa na njuka wangu, na nilimchagua mdogo kuliko wote.

Basi mdogo wangu alikuwa anakuja kibandani akitoka kwa fundi, anakaa mwisho wa benchi, anaangalia. Aliangalia hivyo wiki mbili kabla ya kusema chochote. Simu yake ilikuwa ya mama yake ya zamani. Kioo kilikuwa kimepasuka kuanzia kona ya kulia, na ule ufa ulipita juu ya kitufe cha kufyatulia risasi, ikabidi abonyeze mara mbili ndipo bunduki iitike. Ikipata moto, aliilaza juu ya kipande cha bati ipoe. Siku moja akasema, "Kaka, siku mkipungua naweza kuingia?"

Tulipungua Ijumaa moja usiku. Tukamwingiza.

Ilikuwa mechi ya kawaida, isiyohesabiwa daraja. Ninalitaja hili kwa sababu limenisumbua: hakukuwa na pointi hata moja ya kupoteza. Mechi ya kwanza alichelewa kujirusha, akatua mbali na sisi, akafa peke yake. Ya pili aliokota risasi zisizoingia kwenye bunduki yake, akakimbia nazo mpaka mwisho. Tulicheka mpaka wapita njia wakasimama. Kibonde. Rudi ukachunge. Mwenzetu mmoja akaanza kuiga lafudhi yake kwenye maiki, na kwa kuwa maiki ya kikosi husikika kwa kikosi kizima, mdogo wangu alisikia sauti yake ikichezewa masikioni mwake, na mara ya pili pembeni yake, maana wote tulikuwa kwenye benchi moja. Nami nikacheka. Tena nilicheka kwa nguvu kuliko wengine, ili nionekane niko upande gani.

Mechi ya tatu zilibaki timu nne. Akapigwa nyuma ya nyumba moja ya bati. "Kaka, nimeanguka. Kaka, nipo hapa." Nilikuwa hatua kama ishirini. Hapakuwa na adui karibu yangu. Nilimkimbilia, nikafika, nikasimama juu yake. Kumwinua ni kubonyeza kitufe na kusubiri sekunde chache. Mwenzangu akasema, "Mwache tuone." Nikamwacha. Halafu nikabonyeza ile dansi niliyoinunua kwa almasi za gemu, mtu wangu akaanza kucheza juu ya mtu wake anayetambaa, na ule mstari mdogo ukawa unapungua.

Bega lake lilikuwa linagusa langu. Sikumtazama, lakini nilijua ameacha kutazama simu na ananitazama mimi. Mstari ulipoisha aliitia simu mfukoni, akasimama, akasema, "Asanteni." Akaenda zake. Kesho yake alihamia kulala kwa fundi wake, na miezi mitatu baadaye nikasikia yuko Bunda.

Mechi ile tulishinda.

Baada yake walikuja wengine, na sisi tukaweka masharti. Tulisema gemu si la kila mtu. Tulidai daraja, tulidai simu nzuri. Alikuja kijana mmoja anayeuza dagaa Mwigobero, tukamtoa katikati ya mechi. Walikuja wawili wa chuo, hawakurudi mara ya pili. Alikuja msichana mmoja ambaye alikuwa na shabaha kuliko wawili kati yetu, na huyo tulimfanyia vibaya zaidi, maana kwake tuliongeza matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kila aliyeondoka tulimhesabu kama ushahidi kwamba masharti yetu ni sahihi.

Nina mjomba aliyevua Musoma maisha yake yote. Siku hizo aliwahi kutueleza habari za sangara, nasi tulikuwa tunamsikiliza kwa sikio moja, jingine liko kwenye simu. Sangara si samaki wa asili wa ziwa hili. Alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amewafyeka furu, wale visamaki wadogo ambao aina zao zilikuwa zinahesabiwa kwa mamia na ambao hawakuwa wanapatikana mahali pengine popote duniani. Furu walipoadimika, watu waliopasua matumbo ya sangara walianza kukuta dagaa, uduvi, na watoto wa sangara mwenyewe.

Kwetu wageni walipokwisha, kikosi hakikukaa kikatulia. Ilionekana wazi kwamba kati ya wanne lazima kuna wa nne. Mwenzetu mmoja, mpole, aliyekuwa anatununulia bando tukikwama, akawa ndiye kibonde. Makosa ambayo mwaka uliopita tusingeyaona, sasa yalitajwa moja moja. Alivumilia kama mwezi, akaacha kuja. Kisha ikawa zamu ya wa tatu. Huyo alipata kibarua Geita, akasema tutacheza akiwa huko, na hatukucheza hata siku moja. Tulipobaki wawili tulikuwa hatusalimiani vizuri. Watu wanadhani dharau ni uzio, kwamba ukishawaweka wasiojua nje mtabaki ndani kwa amani. Nimeishi ndani ya uzio huo. Huwa unaendelea kujisogeza mpaka ukuguse mwenyewe.

Nikaacha kucheza kwa muda mrefu. Niliporudi nilikuta kisiwa kimebadilishwa, silaha mpya, vidole vyangu vizito. Gemu lilijaza nafasi tatu zilizobaki na watu nisiowajua, lugha yao siijui. Nilianguka mapema. Mmoja alikuja mpaka nilipo. Nilifurahi, nikamwona anasimama juu yangu. Akaanza kucheza dansi. Ilikuwa ileile niliyoinunua. Nilikaa na simu mkononi nikiangalia mstari wangu ukipungua hadi mwisho, na sikuizima, kwa sababu niliona hiyo angalau nastahili kuitazama.

Wiki iliyofuata nilikwenda Butiama, na mama mdogo akaniuliza swali lile.

Nilipoondoka uani nilimkuta babu chini ya mwembe, yuko baoni na mjukuu wake wa miaka minane. Babu alistaafu jeshi. Bao alilijua alipokuwa kambini pwani, na hata ubao wake aliupata huko. Butiama mchezo huu una heshima ya pekee. Mwalimu Nyerere, yule Kambarage wa Mwisenge, alipoachia urais mwaka 1985 akarudi nyumbani, wazee waliokaa naye baoni walikuwa wengi, na husimuliwa kwamba tangu utotoni alikuwa anakaa kucheza na wakubwa, na kwamba akili aliyoionyesha hapo ilimfanya rafiki wa baba yake ashauri mtoto huyu apelekwe shule. Sijui tungekuwa wapi kama wale wakubwa wangemwambia toka hapa, hili si la watoto.

Babu si mpole, msije mkamfikiria vingine. Anafoka. "Hesabu! Umeruka shimo!" Mtoto anashtuka, anarudisha kete, anahesabu upya. Lakini niliona jambo ambalo nisingeliona kabla ya mambo yangu: hawakuwa wanacheza bao la kiswahili. Bao la kiswahili ni gumu. Mashimo 32, kete 64, lakini unaanza na kete 10 tu ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 umezishika mkononi. Unapitia namua nzima ukiziingiza moja moja kabla ya kufika mtaji, na fundi anaona mbele sana kuliko wewe. Mgeni akianzia hapo atafungwa mpaka achukie. Babu alikuwa amepanga kete mbili mbili kila shimo, zote ziko ubaoni, hakuna namua. Linaitwa bao la kujifunza. Wazee wa pwani walilijua hilo muda mrefu kabla ya simu: mchezo wao ni mgumu, kwa hiyo wakatenga kando yake mchezo mwingine mwepesi, wakaupa jina bila kumwonea mtu haya, na mafundi wenyewe hawakuona wanajishusha kukaa hapo.

Nikamuuliza babu kwa nini hachezi na mafundi wenzake. Akanihesabia kwenye vidole. Mmoja amefariki. Mmoja macho yamekwisha. Mmoja yuko Mwanza kwa binti yake na harudi. "Amebaki nani?" akauliza, nami nikadhani ananiuliza mimi, kumbe anamwuliza mtoto, kwa sababu ilikuwa zamu yake.

Kufoka kwake kule kulinifikirisha njiani kurudi. Nasi tulifoka. Mtu angesema tofauti ni ndogo, kwamba wote tulikuwa wakali kwa mjinga. Lakini babu anafoka huku mkono wake uko ubaoni, na haondoki mpaka mtoto amalize kuhesabu. Kinachoumiza mgeni si kuambiwa amekosea. Mdogo wangu alikosea mara nyingi kwa yule fundi, akakaripiwa, na akalala nyumbani kwake.

Nilianza kutafuta wanafanyaje watu wa magemu mengine, maana nilitaka kujua kama tabia hii ya kudharau wageni ni ya lazima. Nikakuta Wajapani wa Square Enix wana gemu liitwalo Final Fantasy XIV ambamo mchezaji mpya huwekewa alama ya chipukizi, jani dogo la kijani, pembeni ya jina lake. Wazoefu wanaoingia vitani na mtu ambaye hajawahi kupita hapo hupata nyongeza ya zawadi. Yaani aliyekuwa mzigo anakuwa faida, na watu hufurahi kumwona. Kuna lililonigusa zaidi, EVE Online, gemu la vyombo vya angani kutoka Iceland lililoanza mwaka 2003. Humo palikuwa na muungano ulioitwa Band of Brothers, wa wachezaji waliochujwa, wenye vyombo vikubwa vya gharama. Wakapambana na kundi la Goonswarm lililopokea yeyote, hata aliyejiunga jana, likampa chombo kidogo cha bei rahisi na kumwambia fuata wenzako. Walikwenda kama dagaa, kwa mamia. Mwaka 2009 ule muungano mkubwa ulivunjwa, na aliyeuvunja alikuwa mmoja wa viongozi wake wa ndani aliyehamia upande wa pili. Wale Goonswarm hawakuwa malaika, walikuwa na ufedhuli wao. Lakini nilipofika kwenye habari ya mtu wa ndani, nilikumbuka benchi letu.

Mwezi uliofuata nikapanda gari la Bunda.

Meza ya mdogo wangu iko karibu na stendi, chini ya mwavuli, na nyuma yake kuna kichumba chenye mabenchi mawili. Alikuwa anafungua simu ya mtu kwa bisibisi ndogo, vioo vimepangwa mbele yake kwenye mfuniko wa ndoo. Akainua kichwa. "Shikamoo, kaka." Zamani alikuwa ananisalimia "kaka vipi," huku anacheka tayari. Shikamoo hii ilikuwa na adabu yote. Nikaitikia marahaba, na sikuwahi kuona neno hilo zito kama siku ile.

Nilikaa pale saa nzima. Watoto wa mtaani na vijana wa stendi walikuwa wanaingia na kutoka mle kichumbani, kama saba au nane. Mwenye simu mbovu kuliko wote, mtoto wa darasa la saba hivi, alikuwa amewekwa karibu na soketi. Nilichungulia wakicheza. Alianguka, na wawili wakageuka kumfuata. Mmoja mkubwa akalalamika, "Huyu anatumalizia mechi." Mdogo wangu, hata hakuacha kazi, akasema kwa sauti ya kawaida: "Basi imalizike." Wakamfuata, wakapigwa wote, wakaanza nyingine.

Nikamwambia nilichokwenda kumwambia. "Mdogo wangu, usiku ule nilikukosea. Nisamehe." Bisibisi ikasimama kidogo.

"Yamepita, kaka."

Nilisubiri aseme zaidi. Alikuwa na haki ya kutosema. Akarudisha kifuniko cha simu, akakifunga skrubu nne, akaiwasha akaona inawaka, akaiweka pembeni. Kisha akauliza, "Simu yako ina chaji?" Nikasema inayo. Akanielekeza mlangoni kwa kidevu, akawaambia wale vijana, "Huyu ni kaka yangu. Ni mgeni hapa."

Wakanisogezea nafasi. Tuliingia wanne: mimi, wawili wa stendi, na yule mtoto aliyekaa karibu na soketi. Mdogo wangu hakuingia. Alibaki mezani, lakini mlango ulikuwa wazi na alikuwa anasikia kila kitu. Vidole vyangu vilikuwa bado vizito, na silaha zile mpya sikuwa nimezizoea. Nilianguka kwenye uwazi, mbali na ukuta, mahali ambapo mimi mwenyewe enzi zangu nisingemfuata mtu hata kama ningempenda.

"Kaka yupo chini," akasema mtoto yule. Nikamwona kwenye kioo changu anakuja, anakimbia vibaya, amenyooka, hajui hata kujikinga. Nikamwambia rudi, utapigwa. Hakurudi. Alifika, akaanza kuniinua, risasi zikampata katikati ya zile sekunde, akaanguka juu yangu. Tukatambaa wote wawili kidogo, kisha tukafa.

Wenzake wakacheka, na yeye akacheka. Pale mezani nikasikia sauti ya mdogo wangu ikimwuliza mtoto, "Umeona ulipokosea?"

"Nimekuja nimenyooka."

"Ungepita wapi?"

Mtoto akafikiri. Akaonyesha kwa kidole kwenye kioo chake, njia ndefu inayozunguka nyuma ya mawe mpaka pale nilipokuwa.